Mkwe wangu alikuwa anaisha kwa mawazo ya kustaafu, viatu vya magurudumu vikamrudisha (na heshima yangu nusura immalize)

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani humu mko wawili tu. Wengine wote marahaba.

Nimekuwa msomaji wa humu muda mrefu bila kuandika. Niliishia darasa la nne na natumia kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imekimbia msinicheke sana. Chekeni kidogo.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na macho yenyewe yalishafanyiwa operesheni, yanaona vizuri.

Nianze na waliokuwepo siku ya kikao, maana mambo mengi huharibiwa na kusimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Nilikuwepo mimi, Minza.

Alikuwepo Kabula, binti yangu wa kwanza, mwenye duka la vitenge hapa Mkolani.

Shija, mdogo wa marehemu mume wangu. Alitoka Bujora na gari la asubuhi na akahakikisha kila mtu anajua ameamka mapema.

Nkwimba kutoka Kisesa, dada mkubwa wa mkwe wangu. Huyu akiingia uani, kuku wananyamaza.

Mama Swaumu, fundi cherehani wa Kirumba. Undugu na sisi hana, ila ndiye aliyeshtakiwa.

Na Masanja, mkwe wangu, mume wa Kabula, wengine humwita Baba Mabula kwa jina la mtoto wao, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamjadili. Yeye alikuwepo na hakuwepo. Alikaa nje barazani, nyuma ya mlango, mkono wa kushoto una hogo la plasta.

Mtauliza kwa nini mwenye nyumba akae nje. Kwa sababu mimi nilikuwa ndani.

Vijana wa siku hizi mnakumbatiana na mama wakwe zenu kwenye picha, sawa, zama zenu. Mimi nilikolelewa, mama na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, yeye anatoka njiani anakupisha, na wewe unaangalia chini unapita.

Nilipokuja kutibiwa macho, Kabula akanipa chumba cha pembeni chenye mlango wake, nikabaki humo mpaka leo. Kwa hiyo mimi na Masanja tunaishi ua mmoja kama watu wawili wanaodaiana. Yeye akitaka kupita anakohoa. Mimi nikitaka kutoka nakohoa. Mgeni akija anadhani nyumba nzima ina kifua.

Sasa mjue jambo moja. Ukimheshimu mtu kwa kuangalia chini miaka yote, unaishia kumjua kwa miguu. Uso wa Masanja ningeulizwa polisi nisingeweza kuueleza. Miguu yake naijua kama ya mwanangu. Kidole gumba cha kulia kimepinda. Kisigino kina alama ya kuungua, ya kazini.

Kazi yake ilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alianza kijana hana ndevu, akastaafu hana nywele.

Walimuaga vizuri, wakampa saa ya ukutani. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Siku za kwanza alipumzika, tukasema anastahili. Baadaye akawa anatoa kiti, anakiweka nyuma ya nyumba, anakaa anatazama ukuta. Si mtaa, wakuu. Ukuta. Asubuhi mpaka kiti kinahama na kivuli.

Kabula akimsemesha, anajibu "mm." Chakula anakizungusha kwenye sahani. Usingizi hana. Ndevu akaziacha, na hata mimi nilijua, kwa sababu Kabula aliniambia.

Miguu ndiyo iliniambia zaidi. Alikuwa anakokota ndala kama zimejaa maji.

Kabula hakukaa tu. Walikwenda kanisani. Walikwenda hospitali, daktari akampima akasema mwili hauna neno, huyu ana msongo wa mawazo. Akampangia awe anarudi kuzungumza naye, na akasema atafutiwe shughuli ya mwili, iwe na watu wengine, na iwe anaipenda.

Kabula akamnunulia kuku wa kufuga. Masanja akawatazama kuku kama anavyoutazama ukuta. Kuku wakawa wangu.

Ndipo akatokea Mama Swaumu.

Huyu mama ana miaka hamsini na kitu. Aliona kwenye televisheni watu wazima wa nchi za baridi wanacheza juu ya barafu, wanazunguka kama pia, wanarudi kinyumenyume, wanachora nane kwa miguu. Akapenda. Lakini Mwanza barafu tuliyonayo ni ile ya kuwekea sangara, na ukiteleza juu yake utauzwa nao. Basi akajifunza kwa viatu vya magurudumu alipokuwa kwa dada yake Dar es Salaam, akarudi anafundisha watu wazima wenzake. Madoido ni yaleyale, kasoro baridi.

Siku moja alikuja dukani kwa Kabula kuchukua vitenge, begani ana mfuko wa viatu vibovu. Kabula akamwambia mumewe ni fundi, yuko nyuma ya nyumba, ila haongei.

Mimi nilikuwa chumbani, dirisha wazi. Nikasikia.

"Baba Mabula, shikamoo. Nasikia unajua beringi."

Kimya.

"Hizi zimekwama. Basi nimpelekee yule wa baiskeli, atazipiga nyundo."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msimu wa mahindi uliopita.

"Beringi haipigwi nyundo."

Wakuu, mimi niliweka chini mchele niliokuwa napeta.

Akazifungua, akaziosha kwa mafuta ya taa, akatia grisi. Mama Swaumu aliporudi kuvichukua akamuuliza, "Umevijaribu?"

"Nimezungusha kwa mkono. Vinazunguka."

"Mashine ya pamba nayo ulikuwa unaijaribu kwa mkono?"

Fundi anayejali kazi yake hawezi kutoa kitu hakijajaribiwa. Yule mama alimkamata kwa kamba yake mwenyewe.

Kilichofuata mimi sikuambiwa. Kabula alijua, lakini unamwambiaje mama yako kwamba mumeo, mzee wa kanisa, jioni anavaa magurudumu? Niliambiwa anakwenda kikao cha wastaafu.

Nikasema hawa wastaafu wana mambo mengi, kila jioni wana kikao.

Lakini nilianza kuona. Kwanza nikasikia anakoroma, ukuta wetu mwembamba. Sijawahi kufurahia mkoromo wa mtu namna hiyo. Halafu akaanza kubishana na redio habari za mpira. Halafu Kabula akalalamika kwamba ugali haubaki.

Na miguu. Ndala zikaacha kukokota. Alikuwa anakanyaga kama mtu anayejua anakokwenda, goti linakunjika. Ila usiku, kupitia ukuta ule mwembamba, nilisikia Kabula anamkanda michubuko ya magotini. Nikawaza hicho kikao cha wastaafu kinafanyika wamepiga magoti nini.

Sasa siku ya tukio. Kuku wangu waliishiwa pumba, nikajikongoja hadi kwenye mashine ya mpunga ya Sayi, si mbali na kwetu.

Pale kuna uwanja mpana wa saruji wa kuanikia mpunga. Jioni mpunga unakusanywa marundo, unafunikwa turubai, sakafu inabaki tupu na laini kama meza. Nafika, naona watu wazima wamevaa viatu vya magurudumu. Mwalimu Perpetua wa shule ya msingi yupo. Bwana Yusufu muuza vipuri, na tumbo lake, yupo. Mama Swaumu yuko katikati na chaki yake ya cherehani, amewachorea nane sakafuni, wanaifuata mmojammoja kwa mguu mmoja, na anayekosea anaanguka na anachekwa na wote, na yeye anacheka.

Nikasema haya nimeona ya dunia.

Akaja mmoja kwenye uchochoro kati ya rundo na rundo, anakuja kinyumenyume, taratibu, mikono ameitanua. Amevaa kaptura. Mimi kwa mazoea yangu nikaangalia chini.

Nikaona kisigino kinachochungulia kwenye kiatu kilichopasuka nyuma. Alama ya kuungua.

Naye akageuka kwa lile zungusho lao zuri, uso kwa uso na mama mkwe wake, na uchochoro ni mwembamba.

Wakuu, mtu mwingine angepiga breki. Masanja alilelewa vizuri. Alifanya alichofundishwa na mama yake: akatoka njiani kunipisha.

Sasa mtu mwenye magurudumu hatoki njiani kama mwenye ndala. Miguu ilikwenda kulia kwa heshima, mwili ukabaki kushoto kwa kasi. Akaingia kwenye rundo la mpunga la mama mmoja anaitwa Limi, turubai na yeye chini.

Mngedhani nilikimbia kumwinua. Nilimpa mgongo. Nami nililelewa vizuri, na mtu alikuwa na kaptura.

Kwa hiyo mzee mmoja yuko ndani ya mpunga, mkono umevunjika, ameziba uso asinione, anasema "samahani mama, samahani mama," na bibi mwingine amesimama anatazama uzio, anasema "pole baba, pole baba." Limi akauliza, "Nyie wawili mna nini?"

Wakamfunga hogo hospitali.

Mkono haukunitisha, mifupa inaunga. Kilichonitisha ni kesho yake. Nilisikia kiti kinaburutwa kuelekea nyuma ya nyumba. Na ndala zikaanza tena kukokota.

Daktari alimwambia apumzishe mkono. Hakumwambia autazame ukuta. Lakini mkwe wangu aliona heshima imemwisha, amevaa kaptura mbele ya mama mkwe na kumwangukia miguuni. Mama Swaumu alikuja kumjulia hali, mwenyewe hakutoka kumwona. Ndevu zikarudi.

Habari zikafika Kisesa kabla ya hogo kukauka mkononi. Nkwimba akaja, na Shija akaitwa, kikao kikakaa.

Nkwimba akafungua, "Mdogo wangu ana wajukuu. Mtu mwenye wajukuu anateleza hadharani kama sabuni. Huyo kachezewa. Nimekuja kumchukua, akatulie nyumbani, atazamwe na wanaojua. Na hivyo viatu vichomwe."

Mama Swaumu akasema, "Mimi nina wajukuu saba, dada, na ninateleza."

"Wewe nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Nimekusaidia."

Shija akakohoa. "Taratibu akina mama. Mimi nimeamka alfajiri."

Kabula alikuwa analia tu. Aliniambia baadaye, Masanja akienda Kisesa kukaa, hatarudi yule aliyekuwa anabishana na redio. Nami nilijua hivyo. Kwa dada yake kuna ua mkubwa, na ukuta mrefu zaidi.

Shija akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Masanja, umesikia?"

"Nimesikia baba." Kutoka barazani.

"Unasemaje?"

"Mm."

Mnaona. Ile "mm" ilikuwa imerudi.

Mama mkwe hazungumzi habari za mkwe wake kikaoni. Hata hivyo Shija akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe ndiye uliyeona. Ni wazimu?"

Nikasema, "Dada Nkwimba, mimi uso wa mdogo wako siujui. Namjua kwa miguu. Alipostaafu, miguu yake ilikufa kabla yake. Nilikuwa nasikia inakokotwa uani nikasema huyu tutamzika kabla yangu mimi. Halafu ikafufuka. Sikujua sababu, nikamshukuru Mungu na wastaafu. Kumbe ni hivyo viatu. Sasa unavichoma. Sawa, choma. Ila kabla hujachoma, toka hapo nje usikilize anavyotembea leo."

Nkwimba akasema, "Mtu anapona vipi kwa kuanguka?"

Na hapo, wakuu, barazani pakasikika kiti kinasogezwa karibu na mlango.

"Dada," akasema Masanja. "Miaka yote nimefanya kazi kwenye kelele. Nikilala nasikia mashine, nikiamka nasikia mashine. Najua hii imekwama, ile inataka grisi. Siku niliyostaafu pakawa kimya. Ndani ya kimya kile mawazo yakawa yanasaga peke yake, hayana pamba. Yananisaga mimi."

Akaendelea.

"Nikiwa juu ya magurudumu siwezi kuwaza mambo mawili. Nawaza goti, nawaza mguu, nawaza nisimkanyage Yusufu. Nikianguka nachekwa, kesho yake nafanikiwa kidogo. Ilikuwa muda mrefu sijafanikiwa kitu. Na yale magurudumu yanavuma, dada. Kidogo tu. Nikirudi nyumbani nalala."

Nkwimba akatazama mlango, akamtazama Kabula. "Tangu lini anaongea hivi?"

Kabula akafuta macho. "Tangu aanze kuanguka."

Shija ni mtu wa kujisifu lakini siku ile alistahili kuamka mapema. Akasema, "Mimi nimesikiliza. Mkono huu haukuvunjwa na magurudumu. Umevunjwa na heshima. Huyu angepita tu, asingeanguka. Mtu hawezi kuwa na magurudumu na pia akampisha mama mkwe. Kimoja kipungue."

Nkwimba akadakia, "Magurudumu."

"Mgonjwa hajaponywa na heshima," Shija akasema. "Ipungue heshima."

Katika ukoo wetu njia ipo ya kulegeza jambo hilo, wazee walituachia. Mkwe analeta mbuzi, anachinjwa, mama na mkwe wanakula chumba kimoja, basi. Wengi hawaifuati kwa sababu hakuna anayeona haja. Shija akasema haja sasa ipo.

Nkwimba akakubali kwa sharti: mbuzi aletwe, mkono ukipona Masanja aende uwanjani, lakini yeye Nkwimba awepo ajionee. Asipoona nafuu, anamchukua na viatu anachoma mwenyewe.

Mbuzi akaja. Kile chakula sitakisahau. Masanja akala anatazama dirisha, mimi nikala natazama kalenda. Kabula akasema, "Mnaweza kutazamana sasa, mbuzi ameshakufa." Tukacheka wote wawili, bado kila mtu na upande wake.

Hogo likafunguliwa, daktari akaruhusu, ikafika siku yake ya kurudi uwanjani. Nikaenda na Nkwimba, tukasimama kando ya marundo.

Alianza vibaya. Anashika ukuta wa mashine, nikasikia Nkwimba anapumua kama anayepandisha mlima. Mama Swaumu akachora nane yake, akasema, "Baba Mabula, mashine imekaa muda mrefu, iwashe polepole."

Akaiwasha. Akazunguka nane mara ya kwanza kwa miguu yote miwili. Mara ya pili akainua mmoja. Halafu akageuka, akaja upande wetu, na uchochoro ni uleule.

Nikaona goti lake linasita. Mwili ulitaka kunipisha. Nami shingo ilitaka kuangalia chini.

Sikuangalia chini.

Masanja ana pengo mbele, upande wa kulia. Ana macho makubwa kama ya wajukuu zangu, sikujua wameyatoa kwake. Miaka yote hiyo amemwoa mwanangu, ndiyo kwanza namwona.

"Shikamoo mama," akasema, akapita mbele yangu wima, hakutoka njiani.

"Marahaba, baba."

Nkwimba alikuwa ameshika mkono wangu mpaka unauma. Nikamuuliza, "Vipi, tukachukue kiberiti?"

Akasema, "Sijasema ni vizuri. Nimesema nimeona." Akarudi Kisesa peke yake.

Wakuu, nilichojifunza. Viatu si dawa ya kila kitu. Masanja bado anakwenda kwa yule daktari kuzungumza, na zipo siku anakitoa kile kiti. Lakini anakaa kidogo, halafu anaingia ndani kuangalia saa yake ya ukutani, anaondoka. Mtu mzima naye anahitaji jambo asilolijua, alijifunze vibaya mbele ya wenzake, acheke. Tunawaachia watoto michezo yote, halafu tunashangaa kwa nini wazee wamenuna.

Na kama una mtu wako anatazama ukuta, usimngoje aongee. Msikilize miguu.

Mtakaouliza kama bibi naye amevaa: nilivaa kimoja, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kilitosha.

Leteni komenti zenu. Mlio Mwanza mkajaribu, mje na soksi nene.

Na kama Kabula, Limi au mtu yeyote aliyekuwepo anasoma hapa na nimekosea, anisahihishe bila woga. Rangi ya mbuzi sina hakika, nasema alikuwa wa kahawia, Shija anadai alikuwa na mabaka. Na sikumbuki kama Masanja alianguka mara mbili siku ile ya kurudi au mara tatu. Majina msihangaike nayo, majina yote nina hakika nayo.